Mkono wa Kushoto wa Lovina

Ndani ya banda la kuchemshia sukari hakuna aliyekuwa amevaa koti siku ile. Sufuria tatu kubwa za chuma zilikuwa zikitokota tangu alfajiri, moto umekolezwa kwa kuni kavu za mwaka jana, na mvuke mtamu wa maji ya miti, utomvu unaochemshwa mpaka uwe sukari, ulikuwa umetanda kiasi kwamba mtu akijilamba midomo anaonja sukari. Nje theluji ilikuwa bado inafika magotini. Ndani, Bibi Keziah Tuttle alikuwa amekunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, na mumewe, Mzee Obed, fundi mapipa, alibaki na shati moja jembamba na jasho linamtiririka. Ni binti yao Lovina tu aliyekuwa amejifunga ndani ya gauni zito la sufu, mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa.

"Lovina," mama yake alimwita bila kugeuka. "Utaiva humo ndani ya hilo gauni."

"Sisikii joto, Mama."

"Husikii joto. Uso mwekundu kama figili, halafu husikii joto."

"Mwache mtoto," Mzee Obed akasema. "Pengine anaumwa mapenzi. Nasikia yanaanza na baridi."

"Bwana Tuttle, koroga sufuria yako."

Mzee Obed akakoroga sufuria yake. Alikuwa ameishi na mkewe miaka ishirini na sita, na alijua wakati wa kuchekesha na wakati wa kukoroga.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kama ni hivyo, basi Lovina alikuwa na vikohozi viwili, kimoja moyoni na kingine kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya bega, na vyote viwili alivipata kwa mtu mmoja.

Mtu mwenyewe alikuwa Jotham Sprague. Kijiji kizima kilimjua tangu akiwa mtoto wa mhunzi. Miaka mitatu aliishi nyumbani kwa Daktari Huntoon akijifunza kazi, maana yake alitwanga dawa, alimshika farasi wa mzee, na alikinga beseni wagonjwa walipokuwa wakitolewa damu, tiba ya siku zile. Kisha akaenda chuoni, mbali huko kusini, akasikiliza masomo majira mawili ya baridi. Yalikuwa masomo yale yale mara mbili, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo vyuo vilivyotaka. Akarudi na cheti cha Kilatini ambacho hata mchungaji alikisoma kwa kusitasita, na vipande viwili vya kioo vilivyobanwa pamoja kwa nta. Katikati ya vioo palikuwa na tone lililokauka la maji ya ndui ya ng'ombe.

"Kidogo hiki kikiingia mkononi," aliwaeleza watu nje ya kanisa, "unapata lengelenge moja tu. Unajisikia vibaya siku mbili, basi. Ndui yenyewe haikusogelei tena."

Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaenda zao kula. Shemasi Pettengill aliuliza kama mtu akishachanjwa ataanza kutafuna majani makavu. Mkewe akataka kujua kama wanaume watatoa maziwa. Daktari Huntoon, ambaye wagonjwa wote walikuwa wake, alisema kila mwaka vijana wa chuo wanarudi na jambo jipya, na kila mwaka linasahaulika.

Basi Lovina akampa mkono wake. Ilikuwa nyuma ya zizi la baba yake, mchana kweupe. Alifungua vifungo, akageuza uso pembeni, akasema, "Weka." Jotham akaweka. Hakuna aliyejua ila wao wawili na ng'ombe.

Leo ilikuwa siku ya nane, na siku ya nane ndiyo siku yenyewe. Maji ya chanjo hayawekwi kabatini yakangoja wakati wako. Yanaishi kwenye mkono wa mtu, na yakikomaa lazima yahamie mkono mwingine, ama sivyo yanakufa.

"Naenda kutoa mikate kwenye jiko," Bibi Keziah akasema, akachukua shali yake. "Sukari ikishika chini mtaila nyinyi hivyo hivyo."

Alipokwisha kuteremka kilima, Mzee Obed alichungulia mlangoni kama mtu anayetazama hali ya hewa. Katikati ya miti kulikuwa na kofia moja nyeusi iliyojificha vibaya sana.

"Ngoja nikaangalie ndoo za utomvu za kule mbali," akasema. "Mbali kabisa. Na yule maksai anatembea polepole siku hizi."

"Asante, Baba."

"Asante ya nini? Mimi sijaona kitu." Akachukua maksai wake na sleji, gari la kuburuza juu ya theluji, akaenda zake akipiga mluzi.

Jotham akaingia huku anakung'uta theluji miguuni. Alikuwa kijana mrefu, mwenye macho ya upole yaliyomtazama kila mtu kana kwamba yanataka kumuuliza amelalaje. Lovina alikuwa ameyangoja macho hayo juma zima. Aliosha nywele kwa ajili yake. Hayakufika usoni. Yalikwenda moja kwa moja begani.

"Nionyeshe," Jotham akasema.

"Na wewe hujambo."

"Samahani. Hujambo, Lovina?"

"Sijambo. Kwapa linauma, juzi nilikuwa na homa, nimemdanganya mama mpaka nimeishiwa na uongo, na naokwa ndani ya hili gauni kama bata. Kwenu hawajambo?"

Jotham akacheka, na alipocheka Lovina alisahau hasira. Alifungua vifungo, akashusha gauni begani kiasi cha mkono kutoka, si zaidi. Jotham akamshika kiwiko kwa vidole viwili, akamsogeza kwenye mwanga. Lengelenge lilikuwa duara, jeupe la kung'aa, limebonyea katikati kama kitovu, na wekundu ndiyo kwanza unaanza kulizunguka.

"Ni zuri," akanong'ona. "Lovina, ni zuri sana. Hata chuoni sikuona zuri hivi."

"Miaka minne nakungoja, hujawahi kuniambia neno hilo. Leo unaliambia jipu."

"Si jipu, ni lenge…"

"Jotham."

Akainua macho. Sasa yalifika usoni, na yalipofika yakakaa. Lovina alisikia moto wa sufuria umehamia shingoni kwake.

"Na wewe," Jotham akasema polepole. "Wewe zaidi. Nilidhani unajua."

"Mwanamke hata akijua anataka kuambiwa."

"Basi nitakuambia kila siku."

"Ukiwa wapi?" Lovina akauliza, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona kwamba kijana huyu amekuja na neno zito ambalo hajalisema. "Umepata mkono mwingine?"

Jotham akaachia kiwiko. "Sijapata. Kwa Pettengill nimefukuzwa na mbwa. Mjane Colby alikubali, akaweka na kiti kabisa, halafu mwanawe akarudi kutoka msituni akanitoa nje. Wengine wananiambia njoo baada ya Pasaka."

"Na ndui iko kweli ng'ambo ya mto?"

"Iko. Mchuuzi wa vyombo vya bati kapita huko, anasema wameshazika. Barabara ya kusini ni tope tupu, chuoni hakufikiki mpaka theluji iyeyuke iishe. Haya yaliyo mkononi mwako ndiyo yaliyobaki kijiji hiki. Leo yako safi. Kesho kutwa ni usaha tu, hayafai kitu."

"Kuna baba."

"Baba yako hawezi kukubali bila mama yako."

"Baba hawezi kukubali hata kuvaa soksi bila mama," Lovina akakiri.

Wote wawili walikumbuka msimu wa mavuno uliopita, chuo kilipofungwa, Jotham alipokuja na kola mpya kumposa. Mzee Obed alikuwa ameshaanza kutabasamu. Bibi Keziah alisimama, akamwambia mumewe, si Jotham, "Mtu yeyote. Hata mchuuzi wa sindano. Lakini si daktari." Akaenda kulisha kuku. Hakuna aliyemuuliza sababu. Mwanawe wa kiume, Reuben, alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka kumi na tisa. Daktari Huntoon alimtoa damu asubuhi na jioni, na aliyekinga beseni alikuwa Jotham.

"Binamu yangu Hiram anahamia Ohio, mbali huko magharibi," Jotham akasema, akilitazama dirisha. "Gari lao la farasi linaondoka Jumatatu. Kule wanakokwenda hakuna daktari. Wameniachia nafasi."

Lovina alipandisha gauni begani. Hakufunga vifungo.

"Kwa hiyo umekuja kuniaga."

"Nimekuja kuangalia mkono."

"Umekuja kuniaga kwa kisingizio cha mkono. Uliangalia kwanza ukafurahi, ili kuaga kuwe rahisi."

"Hakuna kilicho rahisi, Lovina. Daktari asiye na mgonjwa hata mmoja si daktari, ni mtu mwenye mfuko wa ngozi. Nitakuoa nikulishe nini, Kilatini?"

"Una mgonjwa mmoja. Yuko mbele yako. Amekuvulia gauni nyuma ya zizi mbele ya ng'ombe wa watu."

Jotham alitaka kucheka, akashindwa. "Twende wote," akasema. Yalimtoka kabla hajayapima.

Lovina akamtazama. Mungu anajua jinsi alivyotaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno.

"Mama ameshamzika Reuben," akasema. "Nikitoroka mimi atakuwa amezika wawili, na mimi atanizika nikiwa hai. Nakupenda, Jotham. Nakupenda mpaka sukari haina ladha. Lakini hilo siwezi kulifanya."

"Najua. Ndiyo maana sikuomba mapema."

"Basi usingeomba kabisa."

Aligeuka akoroge sufuria, mkono wa kushoto ukakataa kunyanyuka, mwiko ukamponyoka. Jotham akaudaka. Wakabaki wameushika wote wawili, vichwa vimekaribiana juu ya mvuke, na gauni likateleza tena begani bila yeyote kuliona. Jotham akaweka paji la uso wake kwenye paji la uso wa Lovina. Kama ungewauliza wangekuambia walikaa hivyo kwa muda mfupi sana.

"Mikate imewahi kuiva," sauti ikasema mlangoni.

Bibi Keziah alikuwa amesimama na kikapu. Jotham akaruka nyuma. Lovina hakuruka, alikuwa amechoka kuficha.

"Mama, sikiliza kwanza…"

"Nimekuita?" Bibi Keziah akaweka kikapu juu ya benchi taratibu, akamwendea binti yake, akamshika ili amfunike. Hapo ndipo alipoliona lengelenge. Mkono wake ukasimama hewani.

Uso wa Bibi Keziah ulikuwa na mashimo ya ndui tangu utotoni, mashavuni, kwenye paji la uso, hata kwenye kope moja. Watu walikuwa wamemzoea hivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuongea habari zake.

"Hii ni ndui," akasema.

"Ni ya ng'ombe, Mama."

"Usinifundishe ndui. Tulilala watatu kitanda kimoja, mimi na Charity na Eunice. Niliamka peke yangu." Sauti haikupanda. "Nani kaiweka?"

"Mimi, Bibi Tuttle," Jotham akajibu.

"Lovina, nani kaiweka?"

"Amekuambia, Mama. Yeye. Mwanzo alikataa. Nikamwambia asipoiweka, nitachukua vioo vyake niiweke mwenyewe kwa sindano ya kufumia."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Mimi ni mama yako, unadhani kazi yangu ni ipi?"

"Basi mkatalie yeye, usinikatalie mimi," Lovina akasema. "Mtazame umkatalie. Tangu Reuben azikwe humtazami, unaongea naye umempa mgongo. Alikukosea nini? Aliyemtoa damu Reuben ni Daktari Huntoon, na Huntoon kila mwaka mpya unampa keki na chai. Jotham alikuwa anashika beseni tu, aliambiwa ashike. Alikuwa rafiki wa Reuben, Mama. Kwa nini yeye?"

Sufuria ya katikati ilianza kufurika. Bibi Keziah akachukua kipande cha mafuta ya nguruwe, akakitupia ndani, povu likashuka. Akabaki amesimama pale anaitazama.

"Si beseni," akasema. "Nyinyi wote mnadhani ni beseni. Huntoon ni mzee mnene, nikimwona namwona Huntoon. Huyu nikimwona namwona Reuben. Walikuwa wanaingia pamoja siku zote, wametoka mtoni wamelowa, huyu mbele kwa sababu ana miguu mirefu, na Reuben nyuma yake. Sasa huyu anaingia mlangoni, na mimi natazama nyuma yake nione mwingine akiingia." Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Haingii. Miaka miwili natazama nyuma yake. Halafu mnataka aoe hapa, awe anaingia kila Jumapili mpaka nife."

Lovina akaziba mdomo kwa kiganja. Mambo yote aliyokuwa amejiandaa kumjibu mama yake, miezi yote ile, hayakuwa na kazi tena.

Jotham ndiye aliyesema, na hakusogea alipokuwa amesimama.

"Hata mimi natazama, Mama," akasema. Hakusema Bibi Tuttle. "Nikipita pale mtoni mpaka leo natembea kwa kunyata. Alikuwa ananigombeza kwamba nawatisha samaki."

Kitu kikacheza kwenye midomo ya Bibi Keziah, kikapotea.

"Ulikuwa unawatisha kweli," akasema akiiambia sufuria. "Miguu kama ya farasi." Akaikoroga mara moja. "Haya maji. Yakishaingia kwa mtu, unaniahidi hayatamdhuru?"

Lovina akamtazama Jotham kwa macho yake yote. Sema ndiyo, macho yalimwambia. Neno moja tu, sema, kila daktari anasema.

Jotham akamgeukia Bibi Keziah. "Siwezi kuahidi hilo."

Lovina akafumba macho.

"Chuoni niliona wengi wakichanjwa," Jotham akaendelea. "Karibu wote walikuwa wazima kama unavyomwona Lovina. Mmoja mkono wake ulivimba vibaya, akaumwa sana, akapona, na mpaka leo sijui kwa nini alivimba. Naweza kuahidi kwamba nitakuja kila siku kuangalia, na nikiona kitu kibaya utakijua siku hiyo hiyo kutoka kwangu. Zaidi ya hapo sijui, na nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

Kuni zikaalika motoni. Lovina alingoja mama yake aseme toka.

"Huntoon aliniahidi," Bibi Keziah akasema. "Alisema Jumapili Reuben atakuwa kanisani. Na kweli Jumapili alikuwa kanisani, tulimbeba." Akakaa kwenye benchi kando ya kikapu. "Sijawahi kumsikia daktari akisema hajui. Nilidhani hawaruhusiwi."

Nje mluzi ukasikika, na sleji ikakwaruza theluji. Mzee Obed akaingia kinyumenyume na ndoo mbili, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Hodi, jamani, mwenye macho afumbe, narudi," akageuka, akamkuta mkewe. Tabasamu likamfia usoni.

"Bwana Tuttle," Bibi Keziah akasema. "Weka ndoo. Kunja mkono wa shati."

"Umekunjwa."

"Kunja zaidi."

Mzee Obed akamtazama binti yake aliyekuwa anatiririkwa na machozi, akamtazama Jotham aliyekuwa ameduwaa, akatazama mkono wa Lovina. Akaelewa. Mtu huyu ambaye miaka thelathini ameshika visu vya kuchongea mbao za mapipa, rangi ikamtoka, akawa kama unga.

"Mbona mimi?"

"Kwa sababu mimi ndui ilishamalizana na mimi, na Lovina ameshachanjwa, na daktari ameshachanjwa. Amebaki nani humu msituni, kindi?"

"Na nikianza kulia kama ng'ombe?"

"Nitakukamua. Kaa."

Akakaa. Jotham akafungua mfuko wake, na mikono yake ikatulia palepale, kama mikono ya mtu aliyefika nyumbani. Akamsogeza Lovina kando ya baba yake. Akaligusa lengelenge kwa ncha ya kisu kidogo, polepole sana, na maji safi yakachuruzika tone moja. Lovina hakusikia maumivu. Alikuwa akimtazama Jotham usoni kwa karibu, kope zake, mkunjo mdogo wa katikati ya nyusi, na akawaza kwamba akizeeka mkunjo ule utazidi, na kwamba anataka kuwepo auone.

Jotham akachukua tone lile kwenye ncha, akaugeukia mkono mnene wa Mzee Obed, akakwaruza kidogo, akaweka. Mzee alikuwa amefumba macho anasali zaburi ambayo hajaikariri vizuri.

"Nianze kuhesabu?" akauliza.

"Tumeshamaliza, Mzee."

"Aa." Akafumbua jicho moja. "Sikusikia kitu. Nilikuwa najua tangu mwanzo ni jambo dogo."

Hakuna aliyecheka. Jotham alikuwa anafuta kisu chake, anakifuta tena, na Lovina alijua anachofikiri kwa sababu naye alikuwa anafikiri hicho hicho. Mkono ni mkono tu. Mama ametoa mkono wa mumewe, hajasema habari za binti yake. Jumatatu iko palepale.

"Mkono wa Bwana Tuttle utaangaliwa mpaka lini?" Bibi Keziah akauliza.

"Mpaka siku ya nane, Mama. Siku hiyo utahitajika mkono mwingine."

"Mke wa Shemasi mwachie mimi. Nitakaa naye karibu na dirisha nimweleze ndui ni nini. Kwa uso huu atanisikiliza. Na baada ya wake?"

"Mwingine. Na mwingine tena. Hakuna mwisho, mradi kila mara apatikane mtu."

"Na wa kuyahamisha maji awepo."

"Ndiyo, Mama. Na huyo."

"Basi mwambie Hiram ajaze ile nafasi kwa magunia. Ndiyo, nimesikia, kijiji hiki hakina siri isipokuwa za mikono."

Bibi Keziah akainuka. Akamwendea Jotham, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe azikwe akainua uso wake wenye mashimo akamtazama. Lovina aliona macho ya mama yake yakiteleza, mara moja tu, kupita bega la Jotham mpaka mlangoni, ambako hapakuwa na kitu ila theluji na maksai wa baba amesimama anangoja. Yakakaa huko kidogo. Kisha yakarudi, yakamchunguza kijana huyu shavu kwa shavu, kola, mabega, kama mtu anayemwona leo.

"Umekonda, Jotham," akasema.

Lovina alilia waziwazi sasa, na baba yake akamshika mkono ule mzima.

"Umekonda vibaya. Huko chuoni walikuwa wanakuchemshia vitabu?" Bibi Keziah alikuwa ameshafunua kikapu, anakata mkate kwa nguvu. "Binti yangu hawezi kusimama kanisani na mtu wa namna hii, watasema nimemwoza ufito wa maharage. Mavuno ni mbali, tutaona tutakunenepesha vipi. Sasa vua hilo koti, ukae, ule."